Kerneli inasema ukurasa ni KB 64: nitajuaje kama ni kweli?

Swali la msomaji: Nimejenga kerneli ya Linux ya ARM ya biti 64 na kuchagua kurasa za kumbukumbu za KB 64 badala ya KB 4 zilizozoeleka. Kwenye QEMU, programu inayoiga kompyuta, inawaka vizuri, na amri ya `getconf PAGESIZE` inaleta 65536. Kisha nikajenga nyingine ya KB 16 na kuiweka kwenye bodi yangu yenye prosesa ya Cortex-A72. Skrini ikabaki nyeusi, hata herufi moja haikutoka. Je, jibu la getconf linatosha kusema kerneli imepimwa? Na hiyo bodi ndiyo imekufa?

Jibu: Nianze na bodi, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Bodi ni nzima, ndugu yangu. Kerneli yako iliiuliza prosesa swali moja, ikajibiwa hapana, ikasimama palepale.

Katika ARM ya biti 64, ukubwa wa ukurasa, yaani kipande kidogo kabisa cha kumbukumbu ambacho kerneli hugawa na kulinda, huamuliwa wakati wa kujenga kerneli: KB 4, KB 16 au KB 64, na ukishachagua umechagua. Lakini usanifu wa ARM haumlazimishi mtengenezaji wa prosesa aweke zote tatu. Cortex-A53, A57 na A72 zinajua KB 4 na KB 64 tu. Cortex-A76 inazijua zote, na ndiyo maana Raspberry Pi 5 yenye A76 huendesha kerneli ya KB 16, jambo ambalo Raspberry Pi 4 yenye A72 kama yako hailiwezi. M1 ya Apple nayo inajua KB 4 na KB 16, lakini KB 64 haina.

Kerneli huuliza swali hilo mapema mno, kabla ya kuwasha kitengo cha kusimamia kumbukumbu (MMU) na kabla ya kuwa na njia yoyote ya kuandika kwenye skrini au waya wa seriali. Ikijibiwa hapana, inaingia kwenye kipande kinachoitwa `__no_granule_support` ndani ya faili la `head.S`, na humo inazunguka kwa maagizo ya kusubiri, `wfe` na `wfi`, bila kutoka. Haina mdomo wa kukueleza. Ungekuwa unabuti kupitia UEFI, programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kerneli, ungepata afadhali, kwa sababu kile kipande cha mwanzo cha UEFI kilichomo ndani ya kerneli hufanya ukaguzi huohuo wakati bado kuna njia ya kuchapisha ujumbe.

Unaweza kuthibitisha haya bila kuigusa bodi tena. Chukua kerneli ileile ya KB 16, iendeshe kwenye QEMU kwa `-cpu cortex-a72`, utaona ukimya uleule. Badilisha neno moja, andika `-cpu cortex-a76`, nayo itawaka.

Sasa rejista yenyewe, yaani kihifadhi kidogo ndani ya prosesa ambamo jibu hilo limeandikwa. Nakuomba usome sehemu hii polepole, kwani hata watu makini huteleza hapa. Jibu la prosesa liko katika rejista ya `ID_AA64MMFR0_EL1`. Biti ya 28 hadi ya 31 zinazungumzia KB 4, ya 24 hadi ya 27 zinazungumzia KB 64, na ya 20 hadi ya 23 zinazungumzia KB 16. Kwenye Cortex-A72 rejista hiyo inasomeka 0x00001124. Tazama: sehemu zote tatu ni sifuri. Kwa KB 4 na KB 64, sifuri maana yake ipo, na 0xf maana yake haipo. Kwa KB 16 mambo yamegeuzwa: sifuri maana yake haipo, na 1 maana yake ipo. Kwa hiyo sifuri tatu zilezile zinasema ndiyo, ndiyo, hapana. Hati ya kupima inayochukulia kwamba kila kisicho sifuri ndicho kilichopo itakosea kwa KB 4 na KB 64, tena kwa kujiamini.

Kuna mtego wa pili hapohapo. Linux huziruhusu programu za kawaida kusoma rejista za aina hii, lakini haiwapi thamani halisi. Inawapa nakala iliyochujwa, na sehemu za ukubwa wa kurasa hazimo kati ya zile zinazoonyeshwa. Ukitaka kujua ukweli, andika moduli ndogo ya kerneli inayosoma rejista hiyo kwenye kila kiini cha prosesa na kuchapisha matokeo. Nasema kila kiini, kwa sababu kuna prosesa zinazochanganya viini vikubwa na vidogo vya miundo tofauti.

Na kabla hujalaumu chochote, hakikisha umepakia kerneli uliyodhani umepakia. Faili la `Image` ambalo halijabanwa hubeba alama za ukubwa wa ukurasa katika kichwa chake, kuanzia baiti ya 24, kwenye biti ya 1 na ya 2. Amri ya `od -A d -t x8 -j 24 -N 8 Image` itakuonyesha namba ndefu ambayo, kwa kerneli za miaka hii, huishia na `a` kwa KB 4, `c` kwa KB 16 na `e` kwa KB 64. Sekunde mbili tu, na umeepuka jioni nzima ya kupima faili la jana.

Tuje kwenye swali lako kubwa. `getconf PAGESIZE` inakusomea namba ambayo kerneli humpa kila programu inapoanza, ile ya `AT_PAGESZ`. Namba hiyo iliandikwa siku ya kujenga kerneli. Inathibitisha kwamba ulichagua KB 64 kwenye usanidi, basi. Haisemi kama mipaka ya kurasa iko kweli kila baada ya KB 64, wala kama wito wa mfumo unaiheshimu, wala kama draiva zako zinajua habari hiyo. Ukurasa ni mpaka, na mpaka haupimwi kwa kuuliza jina lake. Unasimama upande huu, unavuka, unaangalia kama umezuiwa pale ulipopaswa kuzuiwa.

Jaribio la kwanza ninalolipenda ni la kuhesabu. Omba MB 1 ya kumbukumbu kwa `mmap`, zima kurasa kubwa za kujitokeza zenyewe (transparent huge pages, ambapo kerneli huunganisha kurasa nyingi kuwa moja) kwa `madvise` na `MADV_NOHUGEPAGE`, kisha andika baiti moja kila baada ya baiti 4096. Kabla na baada ya kitanzi hicho, soma `ru_minflt` kutoka `getrusage`. Kwenye kerneli ya KB 4 idadi itapanda kwa 256. Kwenye KB 16 itapanda kwa 64, na kwenye KB 64 kwa 16. Moja au mbili za ziada zinaweza kutoka kwenye programu yenyewe, usizijali. Namba hii hakuna aliyeiandika kwenye usanidi. Inatokana na mara ambazo prosesa ilikwama kweli na kerneli ikaja kuleta ukurasa.

Jaribio la pili ni la mpaka wenyewe. Omba kurasa tatu, funga ule wa kati kwa `mprotect`, kisha gusa kingo zake:

```
long p = sysconf(_SC_PAGESIZE);
char *a = mmap(NULL, 3 * p, PROT_READ | PROT_WRITE,
               MAP_PRIVATE | MAP_ANONYMOUS, -1, 0);
mprotect(a + p, p, PROT_NONE);

a[p - 1] = 1;        /* lazima ipite */
a[2 * p] = 1;        /* lazima ipite */
a[p] = 1;            /* lazima SIGSEGV */
a[2 * p - 1] = 1;    /* lazima SIGSEGV */
```

Kila mstari kati ya hiyo minne ya mwisho uuendeshe ndani ya mchakato wake kwa `fork`, ili kifo cha mmoja kisiwazuie wengine, na mzazi akague kwamba mtoto amekufa kwa ishara sahihi, `SIGSEGV`, ile ambayo kerneli hutuma programu inapogusa kumbukumbu iliyozuiwa, na si kwa ajali nyingine. Ukitaka uhakika zaidi, shika ishara hiyo na ulinganishe anwani iliyo kwenye `si_addr` na `a + p`. Watu wengi huandika mstari wa tatu peke yake na kuridhika. Huo peke yake haukuambii kama ulinzi umeishia pale unapopaswa kuishia, na mstari wa pili ndio unaosema hilo.

Halafu yapo majaribio ya kukataliwa. `mprotect` inayoanzia `a + p/2` ni lazima irudishe `EINVAL`, yaani ombi si halali. `mmap` ya faili kuanzia nafasi ya `p/2` vilevile. Usiandike 2048 wala 32768 ndani ya jaribio, andika `p/2`, ili jaribio lilelile liendeshwe kwenye kerneli zote tatu.

Hapa sina budi kukusimulia jambo lililonichosha siku mbili. Programu moja ilikuwa imeweka jedwali la mipangilio mwanzoni mwa eneo la kumbukumbu, na baada ya baiti 4096 data ya kawaida ikaanza. Ikisha kulijaza jedwali, ilikuwa inalifunga lisiandikwe tena: `mprotect` kuanzia mwanzo wa eneo, urefu 4096. Miaka yote kwenye KB 4 haikuwa na shida. Kwenye KB 64 ilikufa, tena mbali kabisa na mahali pa kosa, na kila nilipokagua `mprotect` ilikuwa imerudisha sifuri, yaani imefanikiwa. Nilitafuta kosa kwenye kerneli, kwenye kompaila, kila mahali. Sababu yake ni hii: kerneli hukagua kwamba anwani ya mwanzo inakaa kwenye mpaka wa ukurasa, lakini urefu haiukatai, inaukuza hadi ukurasa kamili. Ukiomba baiti 4096 zifungwe, zinafungwa 65536. Jedwali lilifungwa pamoja na data yote ya KB 60 iliyolifuata. `munmap`, wito wa kurudisha kumbukumbu, ina tabia hiyohiyo, na hiyo ni mbaya zaidi, kwani inabomoa vya jirani bila kulalamika. Kerneli haikuwa na kosa. Lakini kama jaribio lako halina mstari unaothibitisha ukuzaji huu, siku kerneli itakapoanza kuufanya vibaya hutajua.

Ongeza na mkia wa faili. Tengeneza faili la baiti 5000, liweke kwenye kumbukumbu kwa urefu wa kurasa tatu. Kwenye KB 4, kuanzia baiti ya 5000 hadi ya 8191 utasoma sifuri, na ya 8192 itakuletea `SIGBUS`, ishara ya kugusa mahali pasipo na faili. Kwenye KB 64 sifuri zinaendelea hadi baiti ya 65535. Programu iliyotegemea kukwama mapema haitakwama, itasoma sifuri na kuendelea kama kwamba ni data.

Kuhusu majaribio yaliyokuja na kerneli yenyewe: yaendeshe, ni hazina. Yako chini ya `tools/testing/selftests/mm`, folda ambayo zamani iliitwa `vm`. Ila soma matokeo kwa jicho kali, hasa neno SKIP. Jaribio lililorukwa hurudisha 4, na ukiangalia tu kama kuna lililoshindwa, utadhani yote yamepita. Kwenye kurasa za KB 64 hili hutokea sana, na sababu yake ni hesabu tu. Kurasa kubwa za kujitokeza zenyewe ni MB 2 kwenye kerneli ya KB 4. Kwenye KB 16 zinakuwa MB 32, na kwenye KB 64 zinakuwa MB 512. Usiniamini mimi, soma `/sys/kernel/mm/transparent_hugepage/hpage_pmd_size`. Sasa mashine pepe ya GB 1, ambayo ndiyo wengi huipa QEMU, itapata wapi kipande kimoja kilichoshikana cha MB 512? Majaribio yanaruka, ripoti inang'aa. Ipe mashine GB 8 au zaidi, na uhesabu yaliyorukwa kama unavyohesabu yaliyoshindwa.

Jenga kerneli tatu, wala usiishie na mbili. Msimbo uleule, kompaila ileile, usanidi uleule, tofauti iwe ukubwa wa ukurasa tu. Ile ya KB 4 ndiyo kipimo chako: jaribio linaloshindwa kwenye zote tatu halihusiani na swali lako. Ile ya KB 16 ina kazi ya pekee. Kuna msimbo mwingi ulioandikwa na mtu aliyejua KB 4 na KB 64 tu, ukiwa na "kama si hii basi ni ile" ndani yake, na ni KB 16 inayoufichua. Washa pia `CONFIG_DEBUG_VM`, na kwa raundi moja walau washa KASAN, kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu ndani ya kerneli, ingawa itakuwa nzito.

Kuna kosa moja ambalo kerneli ya KB 64 hulificha badala ya kulifichua. Rafu (stack) ya kila uzi ndani ya kerneli ya ARM ya biti 64 kwa kawaida ni KB 16. Ikiwa rafu zinatengwa kwa njia ya `VMAP_STACK`, haziwezi kuwa ndogo kuliko ukurasa mmoja, kwa hiyo kwenye KB 64 kila rafu inakuwa KB 64. Draiva inayokula rafu kupita kiasi itaishi kwa raha kwenye KB 64 na kufa kwenye KB 4. Ndiyo maana nakataa kabisa ile tabia ya kupima kwenye kerneli mpya tu, eti ya zamani inajulikana.

Draiva zenyewe ndizo zitakazokula muda wako mwingi. Kosa lao kubwa ni kuchanganya ukurasa wa kerneli na ukurasa wa kifaa. Kifaa hakijui wala hakijali kerneli yako imejengwaje. Kama karatasi yake ya maelezo inasema hupokea data kwa vipande vya 4096, basi ni 4096 daima. Angalia jinsi draiva ya NVMe, ya diski za kasi, ilivyo ndani ya Linux: ina kipimo chake, `NVME_CTRL_PAGE_SIZE`, kilichosimama kwenye 4096, na haikitegemezi kwenye `PAGE_SIZE`. Msimbo wa kuzungumza na Hyper-V, mfumo wa Microsoft wa mashine pepe, umefanya vivyo hivyo. Pitia draiva zako, na kila unapoona `PAGE_SIZE` ikiingia kwenye rejista ya kifaa, simama hapo.

Nje ya kerneli, mambo matatu yatakupata haraka. La kwanza ni jemalloc, maktaba ya kugawa kumbukumbu ambayo programu nyingi huitumia: ikijengwa kwa kudhani KB 4, kwenye KB 64 husema "Unsupported system page size" na programu haisogei. Dawa ni kuijenga upya kwa `--with-lg-page=16`. La pili ni maktaba zilizopangwa kwa mpaka wa 4096 ili kupunguza ukubwa wa faili. Endesha `readelf -lW` na utazame safu ya Align kwenye mistari ya LOAD. Ukiona 0x1000, faili hilo halitapakiwa kwenye KB 16 wala KB 64. Android imepita njia hii: toleo la 15 lilileta uwezo wa kurasa za KB 16, na Google Play ikaweka tarehe 1 Novemba 2025 kuwa mwanzo wa kudai kwamba programu mpya na masasisho yanayolenga toleo hilo na yanayofuata yakubali KB 16.

La tatu ni eneo la kubadilishia kumbukumbu kwenye diski. `mkswap` huandika neno SWAPSPACE2 kwenye baiti kumi za mwisho za ukurasa wa kwanza. Lililotengenezwa kwenye KB 4 lina neno hilo kwenye baiti ya 4086, na kerneli ya KB 64 inalitafuta kwenye 65526. Hailioni, na inakataa. Kwa mifumo ya faili, ukitumia btrfs yenye sekta za KB 4 juu ya kurasa za KB 64, hakikisha kerneli ni 5.15 au ya baadaye, kwani hapo ndipo kuandika kulipowezekana.

Usisahau kupima gharama pia. Faili dogo likisomwa hukalia angalau ukurasa mmoja kwenye kashe. Faili 10,000 za baiti chache chache zinachukua kama MB 40 kwenye KB 4, na kama MB 640 kwenye KB 64. Kwenye seva kubwa yenye data za mfululizo hutasikia kitu, lakini kwenye bodi ya GB 2 utasikia. Red Hat walijenga RHEL 8 ya ARM kwa KB 64, kisha kwenye RHEL 9 wakarudi KB 4 kama chaguo la kawaida, huku KB 64 ikitolewa kama kifurushi cha pembeni.

Kwa hiyo leo fanya hivi. Irudishie bodi kerneli ya KB 64, A72 inaiweza. Endesha jaribio la kuhesabu kwanza, na usiguse mengine mpaka uone 16. Ile ya KB 16 ihamishie QEMU kwa `-cpu cortex-a76 -m 8G`, uendeshe jaribio la mpaka hapo, kisha lilelile kwenye bodi, kwani QEMU inaiga prosesa kwa programu, na bado unahitaji kuona MMU ya kweli ikikataa. Ukipata mstari wa `a[2 * p]` ukifa mahali popote, niandikie ukiwa na thamani ya `si_addr` na yaliyomo kwenye `/proc/self/smaps` ya mchakato huo, hasa mistari ya KernelPageSize na MMUPageSize.